Safu ya Kumi na Nne

Yule mtu mwenye Ray-Ban hakujua kukimbia.

Alikimbia kama mtu aliyezoea kufukuza watu akiwa ndani ya gari. Viatu vya ngozi vilimteleza kwenye mawe ya Ndia Kuu, na mkono mmoja uling'ang'ania koti lisipepee likafichua bastola. Barabara nzima ilikwisha kuiona. Mwuza kahawa aliiona. Mafundi wa milango waliiona. Kanze Fondo, hatua thelathini nyuma yake, aliiona na kuitambua chapa.

Browning.

Akamdharau hapo hapo. Mtu wa siri hatembei na siri inayoning'inia.

Mbele ya Ray-Ban alikimbia mwenzake, mfupi, shingo nene kama gogo. Na mbele ya wote wawili, kanzu kaikusanya mkononi, miwani mizito ikimruka puani, alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu.

Huyo ndiye aliyetakiwa na kila mtu asubuhi ile.

Redio ya Motorola ikakoroma ndani ya kikapu cha Kanze.

"Kaunta, hapa Ghala. Je, mzigo una miguu? Nauliza, mzigo una miguu?"

"Mzigo unakimbia, mzee. Na una pumu."

"Tumia lugha ya kazi!"

"Ghala, mzigo una miguu miwili, na utaanguka baada ya dakika mbili. Nimemaliza."

Akaizima. Barnabas Ogutu, mkuu wa Idara hapa Mombasa, alizipenda lugha hizi za mafumbo kama alivyozipenda tai zake pana. Kanze alivivumilia vyote viwili.

Ilikuwa Oktoba 1996, saa tatu na nusu ya asubuhi. Kanze alikuwa na miaka thelathini na minne, Mgiriama wa Kaloleni, na alikuwa jasusi pekee katika Idara aliyesomea takwimu chuo kikuu. Wenzake walimcheka kwa hilo. Yeye aliwaacha wacheke. Wengi wao hawakuweza hata kugawanya chakula cha mchana sawasawa.

Alikata kushoto, akapita kichochoro cha nyuma ya msikiti, akatokea mbele ya wafukuzaji.

Mchukuzi wa maji alikuwa akipakua mitungi kwenye mkokoteni.

"Samahani, kaka."

Akausukuma.

Mkokoteni ulimpata Shingo Nene magotini. Ray-Ban akamwangukia mwenzake, mitungi miwili ikawaangukia wote, na maji yakaingia kwenye viatu vile vya ngozi. Kanze hakugeuka kutazama. Alimdaka yule mwenye kanzu ukosini, akamvuta ndani ya mlango uliokuwa wazi, akamziba mdomo.

"Bwana Faraj Sabir?"

Yule mtu akatikisa kichwa kukubali.

"Ukipiga kelele watakusikia wao. Ukinyamaza, uko na mimi tu. Disketi iko wapi?"

Faraj alimtazama, macho makubwa nyuma ya vioo.

"Iko kwa dada yangu. Kibokoni."

* * *

"Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi, Da Mwanaesha. Fungua."

Mlango ukafunguka kidogo. Bi Mwanaesha, mama wa miaka sitini, mnene, leso kajifunga kifuani, alimtazama ndugu yake juu mpaka chini.

"Mbona wahema hivyo? Na huyu ni nani?"

"Sabalkheri, mama," Kanze alisema.

"Sabalkheri, mwanangu. Karibu. Vua viatu."

Kanze akavua. Beretta yake ilibaki kiunoni, na Bi Mwanaesha hakuiulizia.

Walipanda juu, kwenye chumba chenye kitanda cha kamba na redio kaseti kubwa aina ya National. Kanze akatoa kutoka kikapuni kompyuta ya kubeba, Toshiba, kilo tatu za plastiki nyeusi, akaiweka juu ya mkeka.

"Anza mwanzo, Bwana Faraj. Na uwe mfupi. Saa tisa alasiri kuna watu wanatia saini."

Faraj alianza.

Yeye alikuwa karani wa takwimu wa mradi. Kampuni ya dawa kutoka ng'ambo, iitwayo Veltrax, ilikuja Mombasa kuijaribu dawa mpya ya malaria, Malvetrin. Walichukuliwa watoto mia sita. Mia tatu walipewa dawa mpya, mia tatu dawa ya zamani, kwa kura ya bahasha. Kazi ya Faraj ilikuwa kuingiza kila fomu kwenye kompyuta kwa programu ya Epi Info: namba ya mtoto, kundi lake, uzani, tarehe, na mwisho wake. Mzima au marehemu.

"Mwezi wa nane nikapiga jedwali," alisema. "Dawa ya zamani, wamekufa wanne. Dawa mpya, kumi na wanane."

Bi Mwanaesha alishika mdomo.

"Wamekufa vipi?" Kanze akauliza.

"Malaria yaondoka. Mtoto acheka, acheza. Wiki ya pili macho yageuka manjano. Ni ini, dada. Dawa yala ini."

"Ukamwambia nani?"

"Dakta Lennox."

Kanze alimjua Dakta Lennox kwa picha. Mkuu wa mradi. Mtu wa tai ya hariri na leso mfukoni, aliyependa kusimama karibu na mashine asizojua kuziwasha.

"Akanishukuru sana," Faraj akaendelea. "Akaniambia, Bwana Faraj, wewe ni nguzo yetu. Kesho yake nikakuta kufuli limebadilishwa. Fomu za karatasi wakaenda kuzichoma Kibarani. Lakini faili nilikuwa nimelinakili. Juzi wakajua."

"Lete."

Faraj alimgeukia dada yake. Bi Mwanaesha akainuka kwa fahari, akaenda kwenye ile redio kubwa, akapeleka mkono nyuma ya spika, akatoa disketi nyeusi iliyofungwa kwa kitambaa.

"Niliificha pazuri," alisema. "Mwizi hawezi kufikiri pale."

Kanze aliitazama disketi. Akaitazama spika.

"Imekaa pale muda gani, mama?"

"Wiki sita."

Aliiingiza kwenye Toshiba. Kompyuta ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Halafu ikasema kwa maandishi meupe kwamba haioni kitu.

Hakuna faili. Hakuna jina. Hakuna hata mtoto mmoja.

"Spika ina sumaku," Kanze alisema polepole. "Sumaku imefuta kila kitu."

Bi Mwanaesha aliketi kitandani. Faraj alivua miwani akaanza kulia bila sauti, mabega yakitikisika. Kanze hakuwa mwepesi wa kubembeleza watu. Alimwacha alie hesabu ya pumzi kumi, akahesabu kweli.

"Basi," alisema. "Panguza macho. Tuna disketi nyingine."

"Ipi?"

"Yao."

* * *

Wiki iliyopita Veltrax walikuwa wamewasilisha ripoti kwa kamati ya dawa, na pamoja na ripoti wakaambatanisha faili lenyewe, kwa mbwembwe, ili waonekane wakweli. Nakala ilipita mezani kwa Ogutu. Ogutu akampa Kanze ailinganishe na ya Faraj.

Sasa hapakuwa na cha kulinganisha. Palikuwa na uongo peke yake, skrini ya buluu, na karani aliyevuta kamasi.

Kanze akaingiza disketi ya Veltrax, akaandika amri. Jedwali la kundi na kifo.

Dawa mpya: mia tatu, wamekufa watatu.

Dawa ya zamani: mia tatu, wamekufa kumi na tisa.

Chini yake kompyuta ikahesabu kwa utiifu. Kama dawa hizi mbili zingekuwa sawa, tofauti kubwa namna hii ingetokea kwa bahati mara tano tu katika elfu kumi. Kamati yoyote ingepiga makofi.

"Wamewahamisha marehemu," Faraj alinong'ona. "Maiti kumi na tano. Wamewatoa kwa dawa mpya wakawatupa kwa ya zamani."

"Na wazima kumi na watano wakawavusha huku, makundi yabaki mia tatu kwa mia tatu. Wakaacha vifo vitatu ili uongo usiwe mtamu kupita kiasi." Kanze alicheka kwa pua. "Wezi wenye adabu. Haya. Mtu akibadili safu moja, je, amebadili zote? Safu ya kundi ni ya tatu. Nisomee nyingine."

Faraj alizijua kwa moyo, kama mtu anavyojua majina ya wanawe. Uzani. Joto. Damu. Mtaa. Kliniki ya kwanza. Alipofika ya kumi na nne akakwama, mdomo wazi.

"Siku," alisema.

"Siku gani?"

"Siku za kumeza dawa. Dawa ya zamani humezwa mara moja, siku moja, basi. Malvetrin ni siku tatu. Mtoto arudi zahanati kesho, na kesho kutwa, ameze mbele ya muuguzi. Na mimi naandika. Moja au tatu."

Vidole vya Kanze vilikuwa vimekwisha kukimbia kwenye vitufe.

Kundi kwa siku.

Jedwali likatokea. Dawa mpya: mia mbili themanini na watano walimeza siku tatu, kumi na watano siku moja. Dawa ya zamani: mia mbili themanini na watano walimeza siku moja.

Kumi na watano walimeza siku tatu.

Watoto kumi na watano, wanaodaiwa kupewa dawa ya siku moja, waliorudi zahanati siku ya pili na ya tatu kumeza kitu kisichokuwepo.

"Nichagulie hao," Kanze aliiambia kompyuta, akaandika. "Wako hai au wamekufa?"

Marehemu. Marehemu. Marehemu. Mstari kwa mstari, mpaka kumi na tano.

Na wale kumi na watano waliovushwa upande wa pili, wa siku moja? Wazima wote.

Chini, mtu alikuwa akiuza mabuyu.

"Wajinga," Kanze alisema. "Wamevaa suti, wamepanda ndege, wamekodi majambazi. Na wamesahau safu moja."

* * *

"Ghala, hapa Kaunta."

"Kaunta, sema."

"Disketi ya karani imekufa. Ushahidi uko ndani ya ya kwao wenyewe."

Ogutu aliacha mafumbo. Alifanya hivyo alipoogopa.

"Kanze, sikiliza. Makontena ya Malvetrin yako kwenye ghala la Mbaraki. Kamati ikitia saini saa tisa, malori yanaondoka leo leo. Kila zahanati ya Pwani. Veltrax wakisema ni makosa ya kuchapa, utawajibu nini?"

"Nitawaletea karatasi."

"Fomu zimechomwa."

"Kadi za akina mama hazikuchomwa. Nimemaliza."

Faraj alimkumbuka mmoja wa wale kumi na watano. Namba mia mbili kumi na saba, wa Majengo, nyumba ya tatu kutoka kinu cha kusaga. Alimkumbuka kwa sababu yule mtoto alimnyang'anya kalamu kwenye kaunta ya zahanati akakataa kuirudisha.

Gari la Kanze, Peugeot 504 ya kijivu, lilikuwa limeegeshwa Makadara. Dakika kumi baadaye lilisimama Majengo, mbele ya nyumba ya udongo yenye bati jipya.

Mejumaa, mama wa yule mtoto, alikuwa akichambua mchele. Mwanamke mwembamba, wa miaka ishirini na saba hivi. Alimtambua Faraj, na uso ukajifunga.

"Mumekuja kuniuliza nini tena? Niliwaambia nyote. Mulininyamazisha kwa kilo ya sukari na leso."

"Si mimi, dadangu," Faraj alisema. "Mimi nilikuwa naandika tu."

"Ndiyo hayo. Nyote mulikuwa mwaandika tu."

Faraj aliinamisha kichwa. Kanze akachutama mbele ya ungo, macho sawa na ya Mejumaa.

"Mimi si wao. Sina sukari. Nina swali moja, na nitakuomba unijibu kisha niende. Mtoto alimeza dawa siku ngapi?"

Mejumaa hakulazimika kufikiri.

"Tatu. Siku ya pili hakutaka, nikambeba mgongoni akilia njia nzima. Siku ya tatu akaenda mwenyewe. Akanambia, mama, leo silii." Alitazama mchele. "Angelia. Angelia, nikamrudisha nyumbani."

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni. Ndani yake palikuwa na cheti cha kuzaliwa, picha moja, na kadi ya rangi ya waridi ya zahanati ya mradi. Mihuri mitatu. Tarehe tatu zinazofuatana. Sahihi tatu za muuguzi.

Kanze alinyoosha mkono. Mejumaa hakuitoa.

"Kadi haitoki mkononi mwangu. Waitaka wapi?"

"Mbaraki. Saa tisa."

"Basi n'nakwenda nayo."

Nje, mwisho wa barabara, Pajero nyeupe ilikuwa imesimama injini ikinguruma. Vioo vyeusi. Haikujificha. Hawakujua kujificha, watu wale.

Kanze aliwaweka Faraj na Mejumaa, pamoja na ile Toshiba, kwenye teksi iliyokuwa uchochoro wa nyuma.

"Hoteli ya Mbaraki, mlango wa jikoni. Mkae na wapishi mpaka niwaite."

"Na wewe?" Faraj akauliza.

Kanze alitoa ile disketi iliyokufa, akaiweka juu ya dashibodi ya Peugeot mahali inapoonekana vizuri.

"Mimi nawapeleka hawa matembezi."

* * *

Walimzibia njia kabla ya daraja la Makupa. Pajero mbele, lori nyuma. Kanze alipiga breki kwa wakati, akaonyesha woga kidogo usoni kwa heshima yao, akaacha wamwelekeze Kibarani.

Jaa la taka lilikuwa likifuka moshi. Korongo wa majalalani walisimama juu ya marundo kama mahakimu. Ray-Ban alimpapasa, akachukua Beretta, akachukua redio. Viatu vyake bado vililia chwa-chwa. Kalamu ya Parker iliyochomekwa kwenye nywele za Kanze aliiona, akaiacha.

Mwanamke na kalamu. Aliona karani.

Kutoka Pajero akashuka Gerrit Haaksma, mwakilishi wa Veltrax. Mzungu mrefu, shati la kitani, leso puani kwa sababu ya harufu. Kiswahili alikisoma wiki sita, na alijivunia kila kosa.

"Mama Fondo. Mimi nataka diski wangu."

"Disketi yako umeipeleka kwa kamati. Hii ni ya Bwana Faraj."

"Sasa ni wangu."

Shingo Nene alimletea. Haaksma aliigeuza, akasoma maandishi ya Faraj kwenye kibandiko, akatabasamu. Akaiangusha chini, akaikanyaga kwa kisigino. Akaikanyaga tena. Alitoa kisahani cha ndani, akakichoma kwa kiberiti cha Zippo, akakitazama kikijikunja.

"Watoto mia sita," alisema. "Puu. Hakuna watoto."

Kanze alimtazama kwa makini, kama mtu anavyotazama mende ili aone atakimbilia wapi.

"Wewe umeyapiga mahesabu yale mwenyewe, Bwana Haaksma?"

"Mimi ni mkubwa. Mahesabu ni kazi ya wadogo."

"Nilidhani hivyo."

Haaksma aliangalia saa yake. Saa nane na dakika ishirini. Akampungia Ray-Ban mkono, ishara ya kupangusa meza, akapanda Pajero, akaondoka kwenda kutia saini.

Ray-Ban aliinua Browning.

"Piga magoti."

"Kwenye uchafu huu? Ngoja nifunge nywele."

Alipeleka mkono kichwani. Kalamu ikatoka, kidole kikabonyeza. Parker ile haikuwa na wino tangu ilipotengenezwa. Ilikuwa na maji ya pilipili ya maabara yaliyosukumwa kwa gesi, na yalipita pembeni mwa vioo vya Ray-Ban yakaingia macho yote mawili.

Alipiga mayowe. Browning ikalia hewani.

Korongo wakaruka.

Kanze aliukamata ule mkono, akauzungusha mpaka ukaachia. Shingo Nene alikuja kama fahali, kichwa chini. Kanze akasogea hatua moja tu kando. Nyuma yake palikuwa na shimo la maji ya taka. Shingo Nene akalipata lote. Kanze akajichukulia tena Beretta na redio yake kwa Ray-Ban.

"Ghala, hapa Kaunta. Wawili Kibarani. Mmoja haoni, mmoja anaogelea. Lete pingu na sabuni."

"Una hali gani?"

"Nanuka."

* * *

Ukumbi wa hoteli ya Mbaraki ulikuwa na kiyoyozi, maua, na chupa za maji kwa kila mjumbe. Mwenyekiti wa kamati, Bi Naomi, mfamasia mwenye mvi aliyefika kwa ndege ya asubuhi, alikuwa amekwisha kufungua kalamu. Dakta Lennox alisimama mbele, tai ya hariri, leso mfukoni, fimbo ya kuelekezea mkononi. Projekta ilitupa jedwali ukutani.

"Kwa hiyo, mheshimiwa mwenyekiti," alisema kwa sauti ya mimbarini, "takwimu hazidanganyi."

Mlango ukafunguka. Kanze aliingia na harufu yake. Wajumbe wawili wakasogeza viti.

Haaksma, kwenye kiti cha mbele, aligeuka. Rangi ilimtoka usoni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Kanze alisema, akaweka kitambulisho cha Idara mezani. "Nina swali moja kwa daktari. Faili hili umelichambua mwenyewe?"

"Bila shaka," Lennox akajibu. "Usiku na mchana."

"Vizuri. Kompyuta hiyo hapo. Tupigie jedwali jingine. Kundi kwa siku za dawa."

Lennox aliisogelea mashine kama mtu anayesogelea nyoka. Aliinama. Akabonyeza kitufe kimoja. Skrini haikujali. Akabonyeza kingine. Mashine ikalia pii. Jasho likamchuruzika kwenye ukosi.

"Kuna... kuna hitilafu ya umeme."

"Hakuna hitilafu. Kuna daktari asiyejua kusoma ripoti aliyoitia sahihi. Sogea."

Akaandika mstari mmoja. Jedwali likajaa ukutani. Alieleza kwa maneno machache: dawa ya zamani siku moja, mpya siku tatu. Hawa kumi na watano, kwa nini walirudi?

Bi Naomi alivaa miwani yake. Alisoma mara moja. Akasoma tena. Kalamu akaifunga.

"Kosa la kuchapa," Haaksma alisema kwa haraka. "Karani wale ni mbaya. Kosa tu."

"Makosa kumi na matano," Kanze alisema. "Katika majina mia tatu. Na yote kumi na matano yamewachagua waliokufa, hayakumgusa mzima hata mmoja. Tuiulize kompyuta bahati hiyo ni kubwa kiasi gani."

Kompyuta ikajibu. Sifuri, nukta, kisha sifuri nane mfululizo. Nafasi ya kuandika zaidi iliishia hapo.

"Na kama mashine hamuiamini, yuko wa kumuuliza." Kanze akapaza sauti kuelekea mlango wa jikoni. "Bwana Faraj!"

Faraj aliingia kwanza, kanzu imekunjamana, akaiweka Toshiba kando ya projekta. Nyuma yake Mejumaa, mfuko wa nailoni kifuani. Hakumtazama Lennox. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Naomi, akamwekea kadi ya waridi mbele yake, kidole bado kikiwa juu ya pembe.

"Moja," alisema, akigusa muhuri. "Mbili. Tatu. Nilimpeleka mimi. Hao wasema alimeza mara moja. Muulizeni huyo bwana mwenye fimbo, mimi siku mbili nyingine nilikwenda kufanya nini pale? Kutembea?"

Bi Naomi akainamia ile mihuri.

Haaksma aliruka. Bastola ndogo ya fedha ilitoka chini ya shati, mkono mwingine ukamkaba Bi Naomi shingoni.

"Wote kaa! Mimi naondoka na huyu mama!"

Kanze alikuwa kando ya projekta. Aliishika mashine hiyo shingoni, akaigeuza.

Mwanga wote ukampiga Haaksma machoni.

Alifumba. Nusu ya nukta tu. Toshiba ilikuwa imekwisha kuruka, kilo tatu, ikampata kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka chini ya meza ya maua. Bi Naomi, ambaye hakuna aliyemtarajia, alimng'ata Mzungu kidole mpaka akalia. Kanze akamalizia kwa ngumi moja fupi chini ya mbavu.

Haaksma akakaa sakafuni, akitafuta hewa.

"Wewe hajui sisi ni nani," alikoroma.

"Hujui," Kanze alimsahihisha. "Wewe hujui. Wiki sita, na bado."

* * *

Ogutu alifika na watu wake saa tisa na nusu, tai pana, uso umenawiri. Makontena yalikuwa yamepigwa lakiri. Hakuna lori lililotoka Mbaraki. Dakta Lennox alipopitishwa na pingu alijaribu kusimama mbele ya Kanze.

"Dada yangu, nielewe. Mimi nilitia sahihi tu. Sikuyajua yale mahesabu."

"Najua," Kanze alisema. "Ndiyo maana walikuchagua."

Wakamtoa.

Ogutu alisugua mikono. "Kazi safi. Nairobi wamefurahi. Kuna tikiti ya treni ya Jumapili, na wiki mbili za mapumziko. Andika ripoti, kisha ukalale."

Kanze alikuwa ameiokota Toshiba sakafuni. Pembe moja imevunjika, lakini skrini iliwaka. Akaandika mstari mwingine, akausoma, akamgeuzia mkuu wake.

"Hii ni nini?"

"Waliomeza siku tatu. Mia tatu. Kumi na wanane wamekufa."

"Tunajua hayo."

"Mia mbili themanini na wawili wako hai, mzee. Nani amewapima ini?"

Ogutu alilegeza tai yake pana.

Faraj alisogea, akainama kwenye skrini, akaanza kusoma kwa kidole. "Mtaa upo, safu ya saba. Tudor. Majengo. Majengo. Kizingo. Mwembe Tayari. Naweza kuwapanga mtaa kwa mtaa, nusu saa tu."

"Hospitali watataka barua," Ogutu alisema.

"Andika wewe. Wewe ndiye unayependa lugha ya kazi."

Mejumaa alikuwa amesimama mlangoni, kadi imerudi kwenye mfuko. Alimsikiliza Faraj akitaja majina ya mitaa.

"Wa Majengo mimi n'nawajua mama zao," alisema. "Nyinyi mukienda na gari la serikali, watafunga milango. Watawafungia kweli. Mimi watanifungulia."

Kanze alimtazama. Kwa mara ya kwanza siku ile hakupata la kudharau.

Aliirudisha Beretta kiunoni, akachomeka kalamu nyingine kwenye nywele, akachukua ufunguo wa Peugeot.

"Wa kwanza yuko wapi?"

"Nyuma ya msikiti," Mejumaa alisema. "Ni msichana. Ana miaka mitano."

Wakashuka ngazi pamoja, wakatoka kwenye jua la saa kumi.